Madirisha ya Upande wa Mashariki

Sisi ni wazee wa kanisa tisa wa usharika mmoja mkoani Dodoma. Tulipoombwa kuandika habari ya imani yetu, kila mmoja alidhani mwenzake angeandika. Mwishowe tukakubaliana tuandike pamoja, na tuandike habari ya madirisha. Tunasema "sisi" si kwa kutaka kujificha nyuma ya kundi. Kosa tutakalolieleza tulilifanya pamoja, kikaoni, baada ya sala ya kufungua, kwa kunyoosha mikono, na katibu akaliandika katika kitabu cha kumbukumbu. Wale wanaotajwa humu tuliwasomea maneno haya kabla hayajafika kwenu, nao wakaturuhusu. Majina yao tumeyaacha.

Kanisa letu madhabahu yake iko kaskazini. Ukikaa kwenye benchi ukaelekea mbele, ubavu wako wa kulia unaelekea mashariki, na upande huo wazee waliotutangulia walijenga madirisha sita marefu ya vioo, karibu yafike kwenye paa. Walipenda nuru. Wakati ule hapakuwa na umeme, na watu wengi walikuja na vitabu vya nyimbo wakitaka kuona wanachoimba. Anayeijua Dodoma anajua lakini jua la mwezi wa kumi, kabla mvua haijanyesha. Kufika ibada ya pili, saa tatu na nusu, waliokaa upande ule walikuwa kama mahindi yaliyoanikwa. Mwaka huo mtoto wa kwaya alianguka wakati wa somo la pili. Jumapili iliyofuata mzee mmoja alitolewa nje akiwa ameshikwa mabega na vijana wawili.

Tulianza na mapazia. Akina mama walichanga, tukanunua kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, tukakishona. Hakikusaidia sana. Ukisogea karibu ulihisi pazia lenyewe limekuwa kama jiko. Hatukuelewa ni kwa nini, tukadhani kitambaa ni chepesi.

Ndipo likaja wazo la rangi. Katika kikao cha mwezi wa kumi na moja ajenda ya tatu ilikuwa kupaka vioo vyote sita rangi nzito ya bluu, karibu nyeusi, kwa ndani. Saba tulinyoosha mikono kukubali, wawili wakakataa. Jumamosi kazi ikafanyika kwa saa chache, na kesho yake tukaabudu gizani.

Ajenda ya nne ya kikao kile kile ilikuwa binti mmoja wa kwaya.

Alikuwa na mimba na hakuwa na mume. Tulimwita. Alisimama upande wa dirishani kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Tulizungumza naye karibu saa nzima, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemaliza aliyefuata alianza pale pale. Jambo linalotusumbua hadi leo ni kwamba hatukusema uongo hata mmoja. Tulimwambia mafundisho ya kanisa, tukamkumbusha ahadi zake za kipaimara, tukamweleza habari ya mfano kwa wadogo wanaomtazama. Yote yalikuwa kweli. Ila yalitoka kwetu yakiwa na moto mwingi kiasi kwamba hakuweza kuyatazama. Aliangalia sakafu mwanzo hadi mwisho. Jumapili, katika kanisa lenye vioo vya bluu, jina lake lilisomwa mbele ya washarika, na nafasi yake katika safu ya sauti ya kwanza ikabaki wazi.

Rangi nayo haikutuletea raha tuliyoitarajia. Taa zilipaswa kuwashwa mchana kutwa, na umeme ulipokatika mchungaji alisoma Injili kwa tochi ya simu. Joto lilipungua, lakini si kama tulivyotaka. Vioo vyenyewe vilichemka. Ukiweka kiganja ulikiondoa haraka, na Jumapili ya tatu kioo kimoja kilipasuka chenyewe kutoka pembeni, watu wakadhani ni jiwe.

Na benchi la tatu, chini ya dirisha la pili, palikuwa na pengo jingine. Bibi mmoja ambaye amekaa pale tangu kanisa lilipokuwa na paa la nyasi hakuwa amekuja kwa Jumapili tano. Tulituma wazee watatu wakamwone.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, kaeni. Mmekuja kuniuliza kwa nini siji."

Tukasema ndiyo.

"Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili," alisema. "Daktari aliniondolea ukungu, nikarudi kanisani nikasoma nyimbo mwenyewe. Ninyi mkaurudisha ukungu kwa brashi."

Tulianza kueleza habari ya joto, ya mtoto aliyeanguka, ya mzee aliyetolewa nje. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mlikuwa na sababu. Hata ninyi mnajua mlikuwa na sababu. Lakini giza, wanangu, halikuanzia kwenye vioo. Lilianza siku ile mlipomsimamisha mjukuu wangu."

Wawili kati yetu walikuwa wamesahau kwamba binti yule ni mjukuu wake. Yeye ndiye aliyekuwa akimshika mkono kuja kanisani, na kabla ya upasuaji alikuwa akimsomea nyimbo sikioni. Siku ile alikuwa nyuma ya nyumba, tukisikia sauti ya maji yakimiminwa kwenye ndoo. Hakutoka. Tulisali, tukaaga, tukarudi kwa miguu bila kusemezana.

Mmoja wetu ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Ni kati ya wale wawili waliokataa rangi, lakini siku ya kikao alisema maneno machache tu na sisi hatukumpa nafasi ya kueleza. Baada ya ziara ile tulimwomba aeleze. Wakati huo huo alikuwa amerudi kijana wa usharika wetu aliyefanya kazi ya kuweka vioo vya majengo huko Muscat, Oman, mahali ambapo jua la kwetu wangeliita baridi. Yeye alikuwa na vipande vya karatasi ya plastiki, kama ile tinti ya magari, ila hii ilikuwa karibu nyeupe kabisa. Alisema inazuia joto na kuacha mwanga upite. Wengi wetu tulicheka. Tangu lini kitu cheupe kikazuia kuliko cheusi?

Mwalimu akaomba tukutane asubuhi moja kwenye ofisi ya usharika, na akaomba tumwalike Bibi, kwa kuwa ndiye aliyeumizwa na uamuzi wetu. Bibi alikuja. Aliyemshika mkono alikuwa mjukuu wake, tumbo limeanza kuonekana. Alimfikisha Bibi kwenye kiti, kisha akasimama mlangoni, asijue kama anaruhusiwa kuingia. Nasi hatukujua macho yetu tuyaweke wapi.

Mwalimu alianza na jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumelisikia. Jua, alisema, halitoi mwanga tunaouona peke yake. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayotufikia hapa ardhini huja kwa mionzi ambayo jicho haliioni hata kidogo, iitwayo infraredi. Iko upande wa pili wa rangi nyekundu, pale upinde wa mvua unapoishia machoni petu. Aliyeigundua ni William Herschel, mzaliwa wa Hanover, Ujerumani, aliyehamia Uingereza. Huyu kwanza alikuwa mwanamuziki. Alipiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath. Nyota alizitazama usiku baada ya kazi, na mwaka 1781 akaiona sayari ya Uranus.

Herschel alitaka kulitazama jua kwa darubini bila kuunguza macho, kwa hiyo alijaribu vioo vya rangi mbalimbali. Akaona ajabu. Vioo vingine vilifanya jua lionekane hafifu, lakini jicho likahisi joto kali. Vingine viliacha mwanga mwingi upite, lakini joto likawa dogo. Kumbe mwanga na joto havikwenda sawasawa. Mwaka 1800 aliupasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu ukawa rangi zake, akaweka vipimajoto kwenye rangi moja baada ya nyingine. Kisha akaweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho liliona kivuli tu. Pale ndipo kilipopanda zaidi.

"Kwa hiyo," mwalimu akasema, "mtu anaweza kuzuia mwanga wote na kuliacha joto lipite. Na mtu anaweza kuzuia joto na kuuacha mwanga. Sisi tulipaka rangi kwa kuamini kuwa ni kitu kimoja."

Akatoa rimoti ya televisheni na simu. Rimoti nayo hutumia infraredi kuzungumza na televisheni, ndiyo maana ukiibonyeza huoni kitu. Kamera nyingi za simu zina kichujio kidogo ndani kinachozuia mionzi hiyo, ili rangi za picha zifanane na tunazoziona. Bila hicho picha zingekuja na rangi za uongo. Lakini kamera ya mbele mara nyingi huacha kiasi fulani kipite. Mwalimu alihitaji mtu wa kushika rimoti bila kutikisika. Alitazama mlangoni akasema, "Njoo, binti yangu, una mikono iliyotulia."

Aliingia. Akaibonyeza rimoti mbele ya kamera, na kwenye simu ikaonekana nukta ya mwanga mweupe wenye zambarau. Mwalimu akapitisha katikati kipande cha tinti ya bei rahisi, ile nyeusi ya magari. Tuliokuwa nyuma ya kipande kile hatukuweza kuona hata uso wa binti vizuri. Nukta kwenye simu ikaendelea kuwaka. Kisha akapitisha karatasi ya kijana wa Muscat, ambayo tuliona kila kitu kupitia kwake. Nukta ikafifia karibu izimike.

Hapo hapakuwa na aliyecheka tena.

Tukatoka nje, kwenye jua la saa nne, na vipande vitatu vya kioo: kimoja kitupu, kimoja chenye tinti nyeusi, kimoja chenye karatasi ile nyeupe. Kila mmoja aliweka mgongo wa mkono chini ya kila kioo kwa zamu. Chini ya kioo kitupu mkono uliungua. Chini ya tinti nyeusi ulipata nafuu kidogo. Chini ya ile nyeupe ulipata nafuu zaidi. Bibi aliweka mkono wake wenye mishipa, akautoa, akaurudisha. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitabu chake cha nyimbo, akakiweka chini ya kioo cha tatu akasoma ubeti mzima kwa sauti. Chini ya kile cheusi alishindwa na mstari wa kwanza.

Mwalimu alitueleza pia kwa nini mapazia hayakufaa. Kioo cha kawaida huruhusu infraredi ya jua kuingia. Pazia likiwa ndani, joto limekwisha kuvuka mlango. Pazia linalipokea, linapata moto, halafu nalo linatoa joto. Lakini joto linalotoka kwenye vitu vyenye moto wa kawaida, kama kitambaa na benchi na miili yetu, ni infraredi ya aina nyingine ambayo kioo hakiipitishi. Likishaingia halitoki kwa urahisi. Ni sehemu ya sababu gari lililofungwa juani huwa tanuri. Na rangi yetu ya bluu ilifanya vioo vimeze kila kitu, mwanga na joto, vikachemka, kimoja kikapasuka kwa sababu katikati yake palikuwa na moto kuliko pembezoni.

Bibi aliuliza kama mtoto wa jicho wake ulitokana na joto lile. Mwalimu akasema hawezi kujua, uzee peke yake unatosha kuuleta. Lakini akatupa habari ya mwisho. Zamani huko Ulaya mafundi wa kutengeneza vioo, waliokaa miaka mingi wakitazama tanuri, walipata mtoto wa jicho kuliko watu wengine. Mwanasayansi William Crookes, Mwingereza, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 75, aliingia kwenye kamati iliyochunguza jambo hilo. Alitengeneza aina za vioo zaidi ya 300, akichanganya madini haya na yale, akitafuta kioo cha miwani ambacho kingezuia miale ya joto ila kimwachie fundi mwanga wa kuona kazi yake. Matokeo yaliandikwa mwaka 1914. Kuwafumba macho mafundi kungekuwa rahisi. Kitambaa cheusi kingetosha. Lakini fundi asiyeona hawezi kufanya kazi. Mzee yule alijaribu mara 300 kwa sababu alikataa kuchagua kati ya jicho na kazi.

Sisi tulijaribu mara mbili, pazia na rangi. Na kwa habari ya binti hatukujaribu hata mara moja.

Jioni ile tulibaki wazee peke yetu. Mwenyekiti alifungua kitabu cha kumbukumbu, akasoma ajenda ya tatu na ya nne zilivyoandikwa, moja chini ya nyingine kwa mwandiko ule ule. Tukaona kwamba tulifanya makosa mawili yanayopingana, siku moja. Kwenye madirisha tulizuia nuru tukidhani tunazuia joto. Kwa binti tulipeleka joto tukidhani tunapeleka nuru. Tulikuwa kama ile tinti ya bei rahisi: nje tulionekana wazito, watu wa kulinda kitu, lakini kilichopaswa kuzuiwa kilipita, na kilichopaswa kupita tulikizuia.

Kisha mmoja wetu akauliza swali ambalo tunaona aibu kuliandika. "Na kijana je?"

Baba wa mtoto yule alijulikana. Jumapili tuliposoma jina la binti, yeye ndiye aliyekuwa akipiga kinanda. Hakuna aliyemwita. Hatukukubaliana kumwacha, tulimwacha tu, kwa sababu mimba haionekani kwa mwanamume. Joto letu lote lilielekea upande mmoja wa kanisa, na upande mwingine ulikaa kivulini umestarehe. Kama nia yetu ingekuwa nuru, ingemwangaza naye.

Tulirudi kwenye Maandiko, si kutafuta ya kumsomea mtu, bali ya kujisomea. Mose aliomba kuuona utukufu wa Mungu. Mungu hakumkatalia, wala hakumwachia autazame wote afe. Alimweka katika ufa wa mwamba, akamfunika kwa mkono wake alipokuwa akipita, kisha akauondoa mkono ili Mose aone alichoweza kuona akaishi. Tulikuwa tumesoma habari hiyo mara nyingi. Safari hii tuliona kwamba mkono ule haukuwekwa kuficha. Uliwekwa ili mwanadamu apate kuona bila kuteketea. Yeye mwenye nuru yote hujipima kwa ajili yetu. Sisi wenye kibatari tunakishindilia usoni pa mtu.

Na Bwana wetu, alipoletewa yule mwanamke aliyefumaniwa, hakuuficha ukweli. Alimwambia asitende dhambi tena. Lakini kwanza alihakikisha wenye mawe wameondoka. Alitanguliza kumkinga kisha akasema kweli, na mwanamke aliweza kuisikia. Paulo naye aliwaandikia Waefeso kwamba kweli ishikwe pamoja na upendo. Tulidhani hilo ni shauri la kupunguza kweli, kama mtu anayepaka rangi kioo. Kumbe inawezekana kioo kikabaki cheupe.

Hatutaki kusema kwamba joto ni kitu kibaya. Mungu aliyeumba mwanga tunaouona ndiye aliyeumba na huu tusiouona. Ndio unaokausha mtama uwanjani na kutupa moto wa asubuhi mwezi wa saba, baridi inapouma. Yako makosa yanayostahili hasira: mtu akila fedha ya yatima hatutamwendea kwa sauti ya kubembeleza. Lakini hata hasira ya haki ina kipimo chake na mahali pake, na mtu aliyekwisha kuinamisha kichwa si mahali pake.

Tulimwendea Bibi na mjukuu wake, wote tisa. Safari hii tuliketi kwenye mkeka, binti akaketi kwenye kiti, maana Bibi alitaka iwe hivyo. Mwenyekiti alimwomba msamaha kwa niaba yetu. Hakumwambia kwamba mafundisho ya kanisa yamebadilika. Alimwambia kwamba tulichosema kilikuwa kweli, na tulivyokisema kulikuwa dhambi, na kwamba tulimbebesha peke yake mzigo wa watu wawili. Binti alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua nimekosa kabla hamjaniita. Nilikuja ili mnisaidie nifanye nini." Ni maneno machache, lakini kila mmoja wetu anayakumbuka. Alikuja akitafuta nuru ya kuonea njia.

Kijana tulimwita naye, pamoja na baba yake, faraghani. Hatukupiga kelele. Alilia kabla hatujamaliza kumsomea. Hawakuoana, na hatukuwalazimisha, lakini tangu siku ile anapeleka matunzo, na baba yake alikwenda kwa Bibi kama inavyompasa mzee kwenda. Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisimama mbele ya washarika akasoma barua ya wazee ya kuomba radhi. Baadhi hawakupenda. Walisema tumelegeza. Wapo wanaosema hivyo hadi leo, nasi hatuwachukii. Tulikuwa hivyo hivyo.

Rangi tuliikwangua kwa wembe na maji ya sabuni, Jumamosi mbili nzima. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupaka. Kijana wa Muscat alibandika karatasi ile bila kudai ujira, ila fedha yetu ilitosha madirisha manne tu. Mawili ya nyuma yamebaki vioo vitupu hadi tutakapochanga tena. Kwa hiyo mgeni asiyeamini habari hii anaweza kukaa kwenye dirisha la tano nusu saa, kisha ahamie la pili. Mwanga atauona karibu sawa, na ngozi yake itampa tofauti.

Tuseme ukweli wote: joto halikuisha. Mwalimu alituonya mapema. Mwanga wenyewe, hata ule safi tunaouona, ukigusa kitu na kumezwa hugeuka kuwa joto. Karatasi inaondoa sehemu kubwa ya infraredi, lakini anayetaka kuona lazima akubali kuhisi joto kidogo. Asiyetaka joto kabisa, sharti akae gizani. Na bati la paa lina joto lake, ambalo madirisha hayawezi kulitibu; dari bado tunaichangia. Hata haya yametufundisha. Kweli iliyosemwa kwa upendo bado humgusa mtu, na wakati mwingine humwuma. Binti yule alilia siku tulipozungumza naye vizuri, kama alivyolia siku tulipozungumza naye vibaya. Ila mara hii aliinua uso.

Alirudi kundini kwa wakati wake, baada ya kujifungua. Mtoto alibatizwa asubuhi, ibada ya kwanza, jua likiwa bado chini na nuru yake inafika hadi kwenye ukuta wa magharibi. Bibi alikaa benchi la tatu, chini ya dirisha la pili, akiwa na kitabu wazi. Alisoma mwenyewe. Mjukuu wake alikuwa safu ya sauti ya kwanza.

Siku hizi vikao vyetu vya wazee hatuvifanyii ofisini. Tunakutana kanisani upande wa mashariki, na tunapofika kwenye ajenda yenye jina la mtu, anaketi, nasi tunaketi. Kabla hajaingia mwenyekiti hutuuliza: je, tunachotaka kumwambia kitamsaidia kuona? Na kuna mwingine anayehusika ambaye tumemwacha kivulini? Kama hatuna jibu, tunaahirisha. Tumeahirisha mara nyingi, na hatujajuta.

Wapendwa, kila mmoja wenu ni dirisha la mtu fulani: la mtoto, la mke au mume, la jirani anayeangalia namna mnavyoishi. Mungu hakutuomba tuwe nuru ya kutoka kwetu wenyewe. Nuru ni yake. Ametuomba tuiruhusu ipite. Basi na tujichunguze, tuulizane bila aibu, ni nini kinachopita kupitia kwetu na ni nini tunachokizuia. Na tukigundua kwamba tumepaka rangi mahali pasipotakiwa, wembe na maji ya sabuni vipo. Bwana atusaidie.